Benchi la Kujinyoosha Halilaliwi na Wawili

Nyinyi mnaooa na kuolewa siku hizi, mnaoweka vigae vya kuteleza sebuleni halafu mnawaambia wageni wavue viatu, nina neno nanyi, na si la kubembeleza. Nimekasirika. Mjukuu wangu Odilia ameniambia, "Bibi, badala ya kutugombeza sisi wawili kila siku, andika, wagombezwe wote." Akaninunulia daftari. Shule nimeishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala upande, zisomeni hivyo hivyo zilivyolala.

Nilikuwa msukaji wa viti. Si nywele, viti. Seremala akishamaliza miguu na fremu, ananiletea mifupa mitupu, mimi naitia nyama: kamba za katani, baadaye mikanda ya mpira wa tyubu, mpaka mtu akae matako yasiguse mti. Nilianza sijaolewa, kwenye karakana ya misheni huko Ngara, nikaendelea nyumbani kwangu Nyamahanga, upande wa Biharamulo, nilikoolewa, mpaka vidole vilipokataa. Watu wa wilaya mbili wameikalia kazi yangu. Wengine wamekufa wakiwa wameikalia, na hakuna hata mmoja aliyenitumia salamu kwamba kamba imekatika.

Sasa nyinyi mna kitu mnakiita deibedi, kochi la mchana linalogeuka kitanda usiku. Mnakiona kwenye simu, kimepigwa picha kwenye chumba kisicho na mtu, pembeni kuna jani moja kwenye chungu, mnasema, "Hiki." Hamkikalii. Hamkipindui. Mtu anayenunua ng'ombe mnadani anamshika mguu, anamfungua mdomo, anamtembeza. Nyinyi kitu kitakachowabeba miaka ishirini mnakinunua kwa kukitazama uso. Halafu kikiwavunjia kiuno mnasema fundi mbaya.

Mimi sikatai cha kisasa. Msinifanye mzee wa kukataa kila kitu. Hicho cha kisasa chenu, cha miguu myembamba isiyo na maua wala nakshi, mimi nilikisuka kabla mama zenu hawajaota meno. Ndiyo maana nina haki ya kukasirika.

Nitawaambia kilichonikasirisha, lakini mniache nizunguke kidogo. Mgongo wa mzee haunyooki kwa mara moja.

Odilia ni binti wa mwanangu Deusi. Ameolewa na Method, kijana wa Kanazi, Ngara, anayeuza dawa za mifugo Biharamulo mjini. Nyumba yao ina vyumba viwili. Kimoja chao, cha pili bado hakina sakafu, kimejaa saruji na mabati. Baba yake Method, Mzee Kalisti, aliteleza kwenye migomba yake, nyonga ikavunjika. Hospitali walimtengeneza, wakamruhusu kwa masharti: asilale chini, mchana ajinyooshe mahali palipo na kimo cha goti lake, na kila baada ya muda ainuke mwenyewe, atembee hatua chache na fimbo. Daktari alimwambia Method, "Akizoea kuinuliwa, hatainuka tena." Mke wa mzee alishatangulia, kule Kanazi hana wa kumwangalia. Basi ikaamuliwa akae kwa mwanawe, sebuleni, mchana na usiku, mpaka mguu ukubali.

Method akataka kitanda kidogo. Odilia akasema, na hapo alisema vema, "Baba mkwe ni mtu wa watu. Watakuja kumwona kutoka Kanazi nzima. Apokee wageni akiwa kitandani kama mzazi aliyejifungua jana?" Kwa hiyo wakaagiza deibedi, ili mzee alale usiku, mchana akae, na sebule ibaki sebule. Wazo zuri. Wazo halikuwa na kosa hata kidogo.

Nilifika siku moja kabla ya mzee. Odilia akanipokea, "Shikamoo bibi, njoo uone," akanivuta mkono.

Nikakiona. Kipana kama uwanja. Kichwani kimeinuliwa ubao wenye vifungo vya kitambaa, pembeni kuna ubao mwingine kama ukuta. Nikapima kwa mkono wangu, kiwiko mpaka ncha ya kidole: dhiraa tatu kasoro kwa upana. Nikakaa, miguu ikaning'inia kama ya mtoto kanisani. Nikamwambia Method, "Kishike upande ule tukipindue."

"Bibi, kwa nini tukipindue?"

"Nataka kuona tumbo lake. Uso nimeshauona."

Tumbo lilikuwa ubao wa unga wa mbao uliogandishwa na gundi, wenye kucha nne za skrubu. Hakuna kamba, hakuna mkanda, hakuna kinachopumua. Lakini hilo ningelisamehe. Nikamwuliza Odilia swali moja tu, "Mmeshakilalia?"

Akacheka. "Siku tatu, bibi. Godoro letu la chumbani lilichelewa, tukalala hapa. Ni laini, usipime."

Nikakaa kimya. Nyinyi mnaosoma mnaweza kudhani nilinyamaza kwa busara. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta tusi linaloweza kusemwa na bibi.

Hapa niwarudishe karakanani, maana bila karakana hamtaelewa kwa nini siku tatu zile zilikuwa jambo kubwa.

Kulikuwa na bruda mmoja, mtawa wa misheni, mzungu mwembamba, mpole, aliyependa randa kuliko chakula. Ndiye aliyetuletea michoro. Kabla yake viti vyetu vilikuwa vizito, vina maua ya kuchonga na mikono iliyojikunja kama mikia ya mbuzi. Yeye akachora kitu kimenyooka: fremu nne, miguu minne, basi. Tulicheka. Fundi Anatoli, mkuu wetu wa maseremala, mtu wa Ntobeye, alikizunguka kiti cha kwanza akasema, "Hiki kimetoka kuumwa malaria." Lakini alipokikalia alikaa muda mrefu. Alipoinuka alisema, "Hakina kitu cha kuficha. Kosa likiwepo litaonekana." Kuanzia siku ile alikipenda, na alitufundisha kukipenda kwa fimbo ya kupimia.

Kosa langu la kwanza lilionekana mapema. Nilisuka kamba za katani zikiwa kavu. Zilipendeza, zimejipanga kama meno. Bruda akakaa, zikaanza kulegea, akashuka taratibu mbele ya macho yetu mpaka magoti yakafika kidevuni. Alibaki humo akinitazama, akasubiri nimvute. Fundi Anatoli akaniambia, "Binti, katani ni kama mkate mkavu. Uloweke kwanza." Ndivyo nilivyojifunza: unailoweka nusu siku, unaisuka ikiwa na maji, unaianika kivulini, nayo ikikauka inajikaza yenyewe kuliko mkono wa mwanamume yeyote. Ukiianika juani inakakamaa na kukatika. Ujuzi wote huo hauko kwenye simu yenu.

Kosa la pili ndilo lililonifanya mtu.

Bruda alileta mchoro wa kitu kirefu, si kiti si kitanda, cha kujilaza mchana. Huko kwao kila mtu anacho, alisema. Sisi tukakiita benchi la kujinyoosha. Katekista mmoja akakiagiza kwa ajili ya nyumba yake mpya. Fundi Anatoli alikuwa msibani kwao, na seremala aliyebaki akaniuliza mimi upana, kwa sababu msukaji ndiye anayejua kamba ngapi zitapita. Mchoro ulisema chembamba. Mimi nikaona mbao, mninga safi, mpana, mwekundu kama nyama, nikaona ni dhambi kuukata. Nikasema, "Acha hivyo hivyo. Kikiwa kipana, si ndiyo raha?"

Katekista akakiweka sebuleni. Kabla hata hajakigusa kwa mgongo wake, mama mkwe wake akaja kuwatembelea. Akaingia, akasalimia, akakitazama. Binti yake akamkaribisha, "Mama, keti." Yule mama akaenda kukaa mlangoni, chini, kwenye kirago. Chakula kikaletwa, hakukigusa. Akasema ana safari, akaondoka kwa miguu siku ileile. Kwake alikuwa ameambiwa aketi kwenye kitanda cha mkwewe wa kiume, tena mchana, mbele ya watu. Mke wa katekista alikuja karakanani analia, "Mmenifukuzia mama."

Fundi Anatoli alirudi kutoka msibani, akasikia. Hakufoka. Akakirudisha kile kitu, akakilaza juu ya meza ya kazi, akaniambia, "Shika upande huu." Akachukua msumeno. "Usitazame pembeni. Tazama hapa." Akaukata ule mninga kwa urefu, na mimi nimeshika, unga mwekundu unaniangukia miguuni. Akikata akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Bruda amechora kiti cha mtu anayeishi peke yake. Sisi nyumba zetu zina wakwe."

Tangu hapo tukawa na kanuni yetu, nayo haikuwa ya Ulaya. Upana dhiraa moja na nusu, usizidi, ili yeyote aingiaye aone kwa jicho moja kwamba wawili hawalali hapo. Kisiwe na ubao wa kichwani, maana ubao wa kichwani ndio unaotangaza kitanda. Ncha zote mbili wazi, kama benchi la kanisani. Mto wa kichwa wa mviringo, wenye mikanda yake miwili. Mgonjwa akijilaza unafungwa, mgeni akija unafunguliwa na kutundikwa ukutani. Kimo ni goti la atakayekikalia, si goti la fundi. Na kikishawekwa sebuleni, mume na mke wasijilaze hapo pamoja hata kwa mzaha. Kipana ambacho hakijalaliwa kinaponywa na msumeno. Kilicholaliwa na mke na mume ni kitanda chao, hata ukikikata vipande.

Mwaka juzi alikuja kijana mmoja wa chuo, amevaa miwani mikubwa, akalikuta benchi langu pale kibarazani. Akalipiga picha pande zote. Halafu akaniambia kwa huruma, "Bibi, huu ni mtindo wa Ulaya. Nyinyi mliuiga."

Nikamwuliza, "Huyo wa Ulaya aliyeubuni, alipima upana wake kwa mama mkwe gani?"

Akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Kwenye daftari la karakana ile kila benchi liliandikwa kazi ya Bruda. Fundi Anatoli aliandikwa fundi. Mimi niliandikwa msaidizi, na siku nyingine nilisahauliwa. Bruda alileta miguu minne iliyonyooka, namshukuru, ilikuwa miguu mizuri. Lakini mahali pa kukaa, upana wake, mto unaofunguka, kamba inayokumbuka kurudi, vilitoka kwetu. Nimenyamaza miaka mingi. Leo nimepata daftari langu mwenyewe, na humu mimi siyo msaidizi.

Haya, turudi kwa Odilia.

Nilipomaliza kunyamaza nilimwambia Method, "Baba yako hatalala hapa."

"Kwa nini, bibi?"

"Mmelala hapa na mkeo siku tatu. Hiki ni kitanda cha mkamwana wake."

Method si mtoto mbaya. Alikuna kichwa, akaenda dukani, akarudi na shuka jipya zito la rangi ya kahawa, akakifunika chote, mpaka chini. Akasimama mbali akakitazama. Akasema, "Si unaona? Kimekuwa kochi. Mzee hatajua."

Mzee hatajua. Andikeni maneno hayo mahali mnapoandika mambo ya aibu. Mambo mengi niliyoyaona yakiharibika katika kazi yangu yalianza na maneno hayo. Mbao mbichi inapakwa vanishi: mteja hatajua. Sponji kuukuu linavishwa kitambaa kipya: mteja hatajua. Skrubu pale panapotaka ulimi wa mti unaoingia kwenye tundu lake, halafu panafunikwa: hatajua. Mteja asiyejua ni yule aliyekuamini. Unamwibia imani yake kisha unasema hana macho.

Lakini nami niseme langu. Usiku ule sikugomba tena. Nilimwona Method amechoka, nikamwona Odilia anataka mambo yaishe, nikajiambia huenda mzee, kwa maumivu yake, asiulize. Fundi mzima, mwanafunzi wa Anatoli, nikaenda kulala na uongo umefunikwa shuka sebuleni. Hilo ni kosa langu la tatu, na ndilo baya kuliko yote.

Mzee Kalisti aliletwa asubuhi. Akashushwa garini, akaingia na fimbo yake, uso umekunjamana kwa maumivu. Odilia akapiga goti kwa mbali, "Shikamoo baba." "Marahaba, mkamwana wangu." Method akamwongoza, "Baba, pumzika hapa, ni kochi jipya."

Mzee akasimama mbele yake. Akaligusa shuka kwa ncha ya fimbo. Akalifuata kwa macho kutoka upande huu mpaka ule, na macho yalisafiri muda mrefu kwa jinsi kilivyokuwa kipana. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Deusi, wewe ndiye fundi hapa. Hiki ni kiti au ni kitanda?"

Nyuma yake Method ananikonyeza. Odilia ametazama chini. Na huyu mtu mguu mmoja unatetemeka, anataka kulala kuliko kitu kingine chochote duniani. Nikisema kiti, analala sasa hivi, nyonga inapumzika. Nikisema kitanda, anakwenda wapi?

Nikasema, "Ni kitanda, mkwe wangu."

"Cha nani?"

"Cha hawa watoto."

Akatikisa kichwa, bila hasira. "Basi nitandikieni kirago."

"Baba, daktari alisema..." Method akaanza.

"Daktari ana mkamwana?"

Akalala chini, kwenye saruji, juu ya kirago na blanketi mbili. Method akaniambia jikoni, kwa sauti ya chini lakini kali, "Bibi, umemlaza baba yangu chini kwa maneno mawili." Na ndivyo ilivyokuwa.

Akataka kwenda kununua kitanda kidogo. Mzee akasikia, akasema kutoka sebuleni, "Usiniletee kitanda. Nikianza kupokea watu kitandani nitajua nimekwisha." Akakataa pia kurudi wodini. Mkaidi, ndiyo. Lakini ukaidi ndio uliokuwa mfupa pekee usiovunjika.

Mambo ya kirago nitayaeleza kidogo tu, kwa heshima yake. Mtu wa nyonga akilala chini hawezi kuinuka peke yake. Method anakwenda kazini. Odilia yuko nyumbani, lakini mkamwana hamshiki baba mkwe kiunoni, na mzee mwenyewe hakubali. Kwa hiyo mzee anabaki pale tangu asubuhi, amekaza meno, anangoja jirani wa kiume apite, ili apelekwe nje mahali ambapo kila binadamu anapaswa kwenda. Hanywi maji ili asihitaji. Siku ya pili niliona midomo yake imepasuka. Nikamwambia Odilia, "Fungasha, tunakwenda Nyamahanga. Mumeo aombe ruhusa kazini akae na baba yake."

"Tukafanye nini?"

"Umeninunulia matatizo, utayasuka."

Pale kwangu kuna kijana seremala jirani, mikono mizuri, akili ya haraka. Nikampa vipimo: goti la Mzee Kalisti nilikuwa nimelipima kwa uzi nikijidai naokota kitu. Nikampa mbao za mgrevilea zilizokauka chini ya paa langu kwa miaka. Akaniambia, "Bibi, fremu hii naipiga skrubu, kesho asubuhi unayo."

"Utachonga ulimi na tundu."

"Siku hizi hakuna anayechonga."

"Ndiyo maana siku hizi mnatengeneza kitu kilekile mara tatu."

Akachonga. Alinuna siku nzima lakini alichonga, na fremu ilipoingia, iliingia kwa kugongwa na ngumi tu, akaipiga piga, akaitazama, akanuna kidogo zaidi ili nisione anafurahi.

Kamba sasa. Mikanda ya mpira ingekuwa rahisi, lakini magari madogo siku hizi tairi zake hazina tyubu, na za malori wanazigombania wafunga mizigo. Nikachukua katani. Nikailoweka. Nikakaa, nikashika ncha, nikavuta, na vidole vyangu vikafunguka vyenyewe kama vya mtoto anayesinzia. Nikajaribu tena. Vikafunguka tena. Niliona aibu, mbele ya mjukuu.

Odilia akaninyang'anya kamba. "Nionyeshe."

"Mikono yako ni ya kubofya simu."

"Bibi, nionyeshe."

Nikamwonyesha. Unavuta ukiwa umekanyaga fremu kwa mguu, unapumzika pumzi moja bila kuachia, unavuta tena, maana kamba ina uongo wake wa kwanza, inajifanya imekaza, lazima umalize uongo huo ndipo ufunge. Unapita juu ya mbili, chini ya mbili. Kila safu unaisukuma kwa ubao mpaka ishikamane na mwenzake. Alivuta. Ngozi ya viganja ilitoka malengelenge, yakapasuka, kamba ikawa na doa. Nikamwambia apumzike, akaniambia, "Baba mkwe anakunywa maji saa hizi au hanywi?" Akaendelea.

Alipofika katikati akauliza, "Bibi, mbona hukuniambia mapema haya ya upana?"

Nikataka kumgombeza, nikakosa pa kuanzia. Nilikuwa nimemfundisha kupika, kulima, kusali. Kazi yangu sikumfundisha, kwa sababu na mimi niliamini lile daftari la karakana, kwamba nilikuwa msaidizi tu. Nani anamrithisha mjukuu usaidizi? Kwa hiyo hasira hii ninayowamwagia nyinyi, vijiko viwili ni vyangu.

Kamba ilikauka kivulini siku mbili. Ilipokauka nikaibonyeza kwa kiwiko, ikazama vidole viwili ikarudi. Pimeni hivyo. Isipozama, mtalala juu ya ubao. Isiporudi, iacheni hapo hapo dukani.

Tulikipakia kwenye guta la magurudumu matatu, Odilia akakaa juu yake njia nzima mpaka mjini, viganja vimefungwa vitambaa, anasalimia watu kama bibi harusi.

Mzee Kalisti alikuwa bado chini, amekonda usoni. Tulikiweka dirishani. Kile cha shuka la kahawa Method alikuwa ameshakisukuma ukutani. Mzee akainuliwa, akaja na fimbo, akasimama. Akapitisha macho, na safari hii macho yalifika upande wa pili mara moja. Akatazama kichwani, hakuna ubao. Akatazama miguuni, wazi. Nikadhani ataniuliza tena. Hakuniuliza. Alimgeukia Odilia, akaviona vile vitambaa viganjani.

"Umesuka wewe?"

"Ndiyo, baba."

Akakaa. Magoti yake yakakunjika sawasawa, nyayo zote mbili zikatua sakafuni. Nikafunga mto upande wa dirisha, akajilaza, na kabla sijamaliza kumweleza habari ya mikanda alikuwa anakoroma. Odilia akamwekea jagi la maji karibu, pembeni.

Jioni walikuja wazee watatu kutoka Kanazi, na kofia zao mkononi, sura za watu waliokuja kuaga maiti. Walisimama mlangoni wakimwona amelala. Mzee Kalisti akafungua macho. Method akaruka kwenda kumshika, nikamvuta shati. Mzee akashusha mguu mzima, akashusha ule mwingine kwa mikono miwili, akaegemea ukingo wa mbao, akajisukuma. Alikaa. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemgusa. Akafungua mto mwenyewe, akamkabidhi Method autundike, akasogea mpaka mwisho kabisa, akapiga kamba kwa kiganja pale alipopaacha wazi.

"Karibuni mkae," akawaambia. "Ni benchi."

Wakaketi wote watatu, kwa mstari, bega kwa bega naye, wakaanza kumsimulia habari za migomba yake.

Method akanisogelea, akaninong'oneza, "Bibi, na kile kingine tukifanyeje?"

Nikamwambia, "Kipelekeni chumbani mkalale. Ni kitanda kizuri."